Kamba Nyekundu kwenye Daraja la Longxu

Kazi yangu ni kupigwa picha. Usicheke. Mvua ikinyesha, watu wa mjini hupanda mlima wetu na kamera walizozivisha mifuko ya plastiki, nami navaa joho la nyuzi, lile la mvua la wakulima wa zamani, na kofia ya mianzi, napita polepole juu ya daraja la mawe mbele ya maporomoko ya Longxu. Jua likiwaka hawanihitaji. Wanataka ukungu, wanataka mlima uliokunja uso, na mkulima mmoja aliyeinama. Shamba lenyewe kampuni ya utalii ilishaligeuza maegesho ya mabasi, lakini mkulima bado anatakiwa.

Daraja lile lina mnyororo upande wa maji. Katikati umekatika, pengo la hatua tatu. Hapo ndipo mke wangu, Cuilian, alipoteleza miaka mitatu iliyopita akifagia majani. Wakubwa wa kampuni wakaandika kwenye karatasi yao kwamba alivaa viatu visivyofaa. Viatu! Wafagiaji wote waligawiwa viatu vile na wao wenyewe. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini karatasi ile niliisoma yote, neno kwa neno.

Mnyororo hawakuuunga. Basi kila siku ya mvua mimi hufunga kamba nyekundu kwenye pengo, ili mwenye macho aione.

Mwezi wa sita kampuni iliandaa mashindano ya picha. Walikuja wapiga picha kama arobaini, wakapanga stendi zao za miguu mitatu kando ya mto, kila mtu na mwavuli juu ya kamera, wakifuta vioo kila dakika. Meneja Qiu akashuka darajani na mwavuli wake na viatu vyake vinavyong'aa.

"Mzee Lei! Hiyo kamba ya nini? Unaanika nguo?"

"Naanika uongo wenu. Mwaka wa tatu huu, bado mbichi."

Kando ya mto watu wakacheka. Qiu akasogea, akashusha sauti.

"Itoe, mzee wangu. Inaharibu picha. Leo tuna wageni wa mkoa."

"Unga mnyororo, nitaitoa mwenyewe."

"Mnyororo uko kwenye bajeti."

"Ulikuwa kwenye bajeti Cuilian akiwa hai. Bajeti gani hiyo, ina mimba ya tembo?"

Akafungua fundo la upande mmoja. Nikamnyang'anya ncha ya kamba, nikajizungushia kiunoni, nikasimama palepale penye pengo, maji yakinguruma mgongoni.

"Haya. Mnyororo wenu ni mimi. Nikate."

Wakati huohuo ukungu ukapasuka. Maporomoko yakatokea mazima, meupe kutoka kileleni mpaka chini, na mlima mweusi nyuma yake. Kitu kama hicho hakikai. Kando ya mto ikawa vurugu.

"Wewe mwenye mwavuli, toka!"

"Meneja, ama usimame tuli ama uondoke!" Huyo alikuwa Mama Tang, nesi mstaafu anayekuja kila mwaka. "Kamera inakaa wazi sekunde nane, wewe unapepesuka kama kuku!"

Qiu hakutoka wala hakutulia. Alinivuta mkono, akapiga kelele, akaenda huku na huku. Mimi kutulia ndiyo kazi yangu. Nilibana pumzi nikahesabu nane, nikapumua, nikahesabu tena, mpaka ukungu ukafunga.

Mama Tang akaniita nione kioo cha kamera yake. Maji yalikuwa kama pamba iliyochambuliwa. Mimi nilikuwa wazi kabisa, na kamba nyekundu wazi. Qiu, kwa kutotulia, hakuwepo. Palikuwa na moshi wa kijivu tu.

"Meneja wenu kageuka mvuke," akasema, akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Kaka Lei, hiyo kamba naweza kuifuta kwa kompyuta. Dakika mbili. Wengi hapa wataifuta. Nifanyeje?"

"Ukiifuta, usinipige picha tena maishani. Pale alianguka mtu."

Akatoa kadi ya mashindano, akanipa kalamu. "Jina la picha andika wewe."

Niliandika kwa taabu, mvua ikidondokea wino: *Zhong Cuilian alianguka hapa. Mnyororo haujaungwa.*

Qiu akaisoma kadi juu ya bega langu.

"Kesho usije kazini."

"Kesho mvua inanyesha. Nitakuja."

Picha haikushinda kitu. Iliyoshinda ilipigwa saa ileile, daraja lilelile, na haina mimi wala kamba. Mama Tang yake aliichapa kubwa, akaibandika ukutani mwa kituo cha mabasi cha wilaya, watu wanasimama kuisoma. Getini walinzi hawaniruhusu tena, kwa hiyo napanda kwa njia ya mfereji, nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, bila joho.

Sasa ni mwezi wa tisa, majira ya tufani. Mnyororo bado. Tangu siku ile kamba wameikata mara nne. Nimeifunga mara tano.