Mwethya wa Jumamosi

Esteti alikokaa Mwelu, pembeni mwa mji wa Machakos, ilikuwa na masharti kushinda kanisa. Mageti yote rangi moja, nguo zianikwe nyuma ya nyumba, kuku marufuku, na mbele ya kila mlango nyasi fupi tu. Chama cha wakazi ndicho kilichoyatunga, na Mwelu mwenyewe aliinua mkono siku yalipopitishwa, akapiga na makofi. Wakati huo mama yake alikuwa bado anakaa kijijini Kivaa.

Tusikionee chama hicho. Maji hayakukatika, taa za barabarani ziliwaka, na mlinzi wao, Kyalo, hakuwahi kukutwa amesinzia. Tena ni Kyalo huyo aliyemwinua mama mtu, Syombua, alipoteleza nje ya jikoni mwezi aliofika, akamkimbiza hospitali kwa gari la jirani kabla Mwelu hajapata habari ofisini. Kule Kivaa alipoanguka mara ya kwanza, alilala sakafuni mpaka mnunuzi wa mayai alipopita. Ndiyo maana Mwelu alimleta mjini, na ndiyo maana aliogopa kukosana na chama. Mama akirudi Kivaa, akaanguka tena, atainuliwa na nani?

Mvua za Novemba ziliponyesha, Syombua hakuomba ruhusa ya mtu. Aliichimbua nyasi ya mbele, akapanda kunde na mbaazi.

"Udongo wote huu mmeacha bure," alisema, "na kunde munanunua soko?"

Mwelu alijaribu kumweleza habari za masharti, akaishia njiani. Nani ana ubavu wa kumwambia mwanamke aliyemlea kwa jembe kwamba jembe ni kosa?

Kunde zikatoka, kijani cha kupendeza. Mwenyekiti wa chama, Erastus Nzomo, alipita, akatazama, akamsalimia mama kwa adabu zote, akaenda zake. Jioni ile sauti yake ikasikika kwenye simu za wakazi wote: "Majirani, Jumamosi tuko na mwethya. Tunapitia mbele ya kila nyumba, tung'oe kila kitu hakifuati sheria."

Alilipenda neno hilo, Erastus. Lilimfanya ajione mzee wa watu. Mwethya, kwa Wakamba, ni majirani kuja na majembe kumlimia mmoja wao. Mwenye shamba hupika, wageni hula, na siku nyingine naye huenda kwao kuwalimia. Kung'oa mimea ya mtu hakujawahi kuitwa mwethya, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti.

Bahati mbaya Mwelu aliusikiliza ujumbe huo mama akiwa kando yake, na sikio la mama lilidaka neno moja tu.

"Mwethya unakuja kwetu?"

Hapo ndipo angesema. Lakini aliuona uso wa mama umechangamka vile ambavyo haukuchangamka tangu atoke Kivaa.

"Eeh, mwaitu. Wanakuja."

Alijipa moyo kwamba angemwona Erastus kabla ya Jumamosi. Akamwona, akamwomba, akajibiwa kwa upole.

"Mwelu, si wewe ulipigia hii sheria kura? Nikiachia mama yako kunde, huyu mwingine ataleta mbuzi."

Hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma Mwelu. Alirudi nyumbani, akamkuta mama akichambua mahindi na maharagwe ya kupika isyo.

Jumamosi Syombua alivaa leso mpya. Majirani walipofika na majembe na panga, aliwapokea mlangoni mmoja mmoja na kumpa kila mtu kikombe cha uji wa wimbi.

"Mwelu ndiye ameita," aliwaambia kwa majivuno. "Mtoto wangu hajasahau kwao. Kunyweni kwanza, kazi ni nguvu."

Walikunywa wakitazama chini. Syombua akainama kuwaonyesha: magugu ni haya, hizi msiguse. Erastus aliweka kikombe chini.

"Pole, susu," akasema, kama anayemwambia bibi yake, akang'oa shina la kwanza. Wengine wakafuata. Mwelu alisimama mlangoni na jagi la uji mkononi. Mama aliitazama ile mikono ikifanya kazi, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Isyo haikupakuliwa.

Jumatatu asubuhi Mwelu alikuwa akivaa viatu vya kazi Kyalo alipogonga geti.

"Dada, kuja haraka kwa chairman. Susu anachimba!"

Alimkuta mama yake mbele ya nyumba ya Erastus, ameinama, jembe linapanda na kushuka. Mstari mzima wa nyasi ulikuwa umegeuzwa, umenyooka kama wa shamba la shule. Erastus alikuwa amesimama na tai shingoni.

"Mwelu, ongea na mama yako!"

"Mwaitu, wacha. Twende nyumbani."

"Walikuja kwangu, nimekuja kwao. Mwethya hurudishwa."

"Mwaitu, ile haikuwa mwethya."

"Najua." Syombua hakuinua kichwa. "Nimezeeka, sijapotea. Lakini wewe uliniambia ni mwethya, na mimi nikawaambia watu ni wewe umeita. Nikikubali haikuwa, nitakubali pia mtoto wangu aliniangalia nikikoroga uji, akanyamaza. Hiyo siwezi. Afadhali nilime."

Aibu ilimpanda Mwelu mpaka masikioni. Erastus alikuwa palepale, mkewe dirishani, Kyalo nyuma yake.

"Nilikudanganya, mwaitu," alisema, na kila mtu akasikia. "Nilijua wanakuja kung'oa."

Jembe likatulia. Syombua alinyoosha mgongo polepole, akajipangusa udongo mikononi.

"Basi kazi imeisha. Nitafutie gari ya Kivaa."

"Na ukianguka huko, nani atakuona?"

"Kivaa nilianguka hakuna mtu," alisema Syombua, akimkabidhi jembe. "Hapa nimeanguka ukiniangalia, umeshika jagi."