Bakuli la Santuri

Ratemo alilishika lile bakuli lililokunjwa kutoka kwa santuri kwa mikono miwili, akasoma karatasi ya duara iliyobaki katikati. Bendi ni ile ile aliyoitafuta. Katika albamu nzima mama yake, Yunia, aliimba wimbo mmoja tu, wa mwisho upande wa kwanza. Santuri yao iliteketea na nyumba kule Londiani, mwaka wa tisini na mbili. Tangu kiharusi kimfunge mama ulimi, Ratemo alikuwa ameitafuta nyingine mpaka Chepseon. Leo ameipata katika soko la Kapsoit, kingo zimekunjwa juu kama jani la kabeji.

"Mama, umeiharibu," alimlaumu muuzaji.

"Nimeitengeneza," alisema Janeffer, mwenye kuuza, huku akichovya santuri nyingine kwenye sufuria ya maji yanayochemka. "Siku hizi watu wako na kaseti, kijana. Hii ni ya maua. Unanunua ama umekuja kuililia?"

"Hii ni sauti ya mama yangu. Hawezi kuongea tena."

Kicheko kikamkauka Janeffer mdomoni. "Mimi huchovya kingo peke yake," alisema polepole. "Katikati naacha, ndio isimame mezani. Hapo sikugusa. Ichukue tu."

Katikati. Wimbo wa mwisho hukaa katikati. Ratemo alikimbia kwa Jonah, fundi wa redio, lakini kila walipojaribu kuicheza kwenye mashine ya santuri, mkono wa sindano uligonga ukingo ukakwama.

"Hili ni karai, ndugu yangu," Jonah alisema. "Litakuchezea uji."

"Nipe msumeno wa chuma."

"Itapasuka."

"Isipoimba, nimebaki na nini? Nipe."

Alikata mwenyewe, meno ameyauma, jasho likidondokea santuri. Ukingo ulipodondoka, ufa mwembamba kama unywele ukakimbia kuelekea katikati, ukasimama. Jonah alibeba mashine na betri, wakaenda.

Kando ya kitanda cha mama, sindano ilishuka. Tak, ilidunda kwenye ufa, tak, tena. Halafu sauti ya msichana ikapanda juu ya magitaa, kali, isiyoogopa mtu.

Yunia aligeukia mlango kuona nani ameingia.

"Ni wewe, mama."

Alitikisa kichwa. Alimtazama mwanawe kwa huruma, kama mtoto aliyedanganywa na watu wa soko. Lakini kiitikio kilipokaribia, vidole vya mama vilianza kugonga blanketi, vikatangulia ngoma, vikajua pa kungoja. Machozi yakamtiririka upande mmoja wa uso, ule uliobaki hai.

Wimbo ukaisha. Ufa ulikuwa umeongezeka.

"Tukirudia itakatika," Jonah alinong'ona.

Yunia aliinua kidole, akakizungusha hewani.

Ratemo aliushika mkono wa sindano. Akaurudisha mwanzoni mwa wimbo.