Kilichoachwa Mombasa

Twaiba aliwaambia watu kwamba ameacha sukari. Wateja wa nguo pale dukani kwake Ukunda walipomuuliza mbona amepungua hivyo, alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani: ameacha sukari, ameacha vya kukaanga, na kila siku anatembea. Wengine walimwamini. Wengine walimtazama shingo na mifupa ya mabega, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulimuudhi kuliko maswali.

Ukweli waliujua yeye na mumewe Kheri, seremala, basi. Mwaka uliopita, baada ya Idi, madaktari wa Mombasa walimtoboa tumbo, wakaukata mfuko wa chakula na kuondoa sehemu kubwa, wakamwachia uliobaki mwembamba kama ndizi. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kutoka dukani mpaka barabarani bila kusimama kupumzika. Magoti yalimuuma, presha ilikuwa juu, kisukari kilikuwa kimeanza kumla nguvu ya macho, na mshonaji bila macho atafanya nini. Daktari alimweleza kwa upole kwamba dawa peke yake hazitamfikisha mbali. Kheri aliuliza maswali mengi kuliko yeye. Mwishowe wakakubaliana.

Hawakumwambia mamake. Bi Mwanatumu alikuwa Msambweni, peke yake katika nyumba aliyowalelea watoto wake, na katika nyumba ile neno upasuaji lilikuwa halitajwi. Hanifa, dada mkubwa wa Twaiba, aliingizwa chumba cha upasuaji kujifungua akatoka amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Bi Mwanatumu hakukubali hata jipu lake litumbuliwe. Kwa hiyo Twaiba alimuaga mamake kwa simu, akamwambia anakwenda Nairobi kutafuta vitambaa. Mama akamwombea dua ya safari.

Alichojiandalia Twaiba ni njaa. Alidhani ataota wali usingizini. Njaa haikuja. Alikunywa supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi, kisha yai laini lililomshinda kumaliza, na hakutamani zaidi. Lakini alianza kukosa utulivu. Zamani siku yake ilikuwa na vituo vyake: chai na mahamri asubuhi, viazi vya karai kabla ya adhuhuri, wali wa nazi na samaki mchana, na katikati ya hapo kitu cha kutafuna huku anashona. Sasa saa zile zilifika zikamkuta mikono mitupu. Alishona pindo moja akainuka. Alifagia pale alipokwisha kufagia. Alitoka nje kutazama barabara, akarudi, akasahau alichokuwa akikishona. Jioni alitembea mpaka Diani, akayapita mageti ya hoteli moja baada ya jingine, akarudi miguu inawaka, na alipoketi tu akataka kuinuka tena.

Mwili nao ulimshangaza. Nywele zilitoka na kitana. Alihisi baridi adhuhuri ya Ukunda, akajifunika mtandio mzito na watu wakizidi kutazamana. Ngozi ya mikono ilining'inia. Dira moja lile lile alilipunguza mbavuni mara kadhaa, mpaka maua ya kitambaa yakakutana pasipostahili. Siku moja Kheri alimpita sokoni bila kumtambua. Akageuka tu aliposikia sauti yake. Walicheka, wakasimuliana wenyewe kwa wenyewe mpaka nyumbani. Kisha Twaiba akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia.

Habari zilifika Msambweni kabla yake. Mtu alimwambia Bi Mwanatumu kwamba mwanawe amebaki fremu. Mama akaja Ukunda bila kutoa taarifa, akiwa na kapu la vyakula, akasimama mlangoni pa duka akimtazama binti yake kama mtu aliyekosea nyumba. Hakuuliza lolote mbele ya wateja. Nyumbani alipakua mchuzi wa kuku na wali sahani tele, akaketi mbele yake. Twaiba alikula vijiko viwili, akasema ameshiba, alikula dukani. Mama alipokwenda kuswali, sahani ikavuka ua kwa jirani.

Ikawa hivyo kila wiki. Mama alituma bokoboko, alituma samaki wa kupaka, alituma mikate ya sinia, na Twaiba akagawa. Kheri alimwambia wakati umefika wa kusema. Yeye akajibu kwamba mamake atakufa kwa hofu ya jambo lililokwisha kupita. Kheri akasema hofu anayo tayari, tena ya jambo lisilokuwepo. Twaiba akachukua mtandio akaenda kutembea.

Bi Mwanatumu aliamini binti yake ana ugonjwa asiotaka kuutaja, au amefanyiwa jambo na watu. Alimpeleka akasomewa. Alimletea kombe, maandishi ya Qurani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, akamsimamia mpaka akalimaliza, funda moja baada ya jingine, kwa kuwa tumbo halikukubali zaidi. Mama aliona jinsi maji yenyewe yanavyomshinda, akageuza uso. Kisha akatangaza kwamba atafanya dua nyumbani Msambweni, atachinja mbuzi, ndugu wote waje wamwombee Twaiba uzima.

Twaiba alijaribu kumzuia. Alisema hana kitu, ni mzima, hospitali wamempima. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama Ijumaa itamfaa Kheri.

Siku yenyewe nyumba ilijaa. Wanaume walikaa barazani na Maalim Ramadhani, wanawake ndani kwenye mikeka. Twaiba alipoingia, shangazi zake walimkumbatia wakimpapasa mgongo, na alihisi vidole vyao vikiitafuta mifupa. Pilau lilipoletwa, sinia lake liliwekwa katikati ya wakubwa. Alikuwa amejipanga: nyama kidogo, aitafune mpaka ilainike, asinywe maji, azungumze sana. Lakini mama alikuja akaketi kando yake. Akafinyanga tonge kwa mkono wake, akaweka kipande cha mnofu juu, akamwelekezea mdomoni kama alivyomlisha utotoni. Wanawake wote waliacha kula.

Twaiba akafungua mdomo.

Alikula tonge la kwanza, na uso wa mama ukafunguka namna ambayo hakuiona kwa miezi. Akala la pili kwa ajili ya uso ule. La tatu lilikuwa kubwa, na alilimeza kabla ya wakati. Kifua kikabana katikati, kama mtu amekikanyaga kwa kisigino. Mate yakajaa kinywani. Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akainuka akakimbilia uwani, akajiegemeza kwenye ukuta wa choo, akatema povu na chakula na povu tena. Maumivu yalimkunja mpaka akapiga magoti.

Mama alikuwa nyuma yake. Alimshika mabega akaanza kumsomea shahada sikioni. Twaiba alipoyasikia maneno yale, ya kumsindikizia mtu anayekata roho, akajua hawezi kusubiri hata dakika moja zaidi.

"Mama, acha. Sifi. Nilikatwa tumbo."

Bi Mwanatumu akaacha kusoma. Mikono haikutoka mabegani.

"Lini?"

"Mwaka jana, baada ya Idi. Sikwenda Nairobi. Nilikwenda Mombasa, wakaukata mfuko wa chakula ili nipungue. Hiki ndicho kilichonitoa mwili. Sina ugonjwa mwingine."

Alimweleza yote pale chini, huku akifuta mdomo kwa ncha ya leso: kisukari, magoti, macho, maneno ya daktari, na Hanifa. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Ndani wanawake walikuwa wameanza kuitana kuulizana kuna nini. Mwishowe mama akauliza swali moja tu.

"Kilichokatwa kilizikwa wapi?"

Twaiba hakuwahi kuliwaza. Akasema hajui.

"Kitovu chako nilikifukia mwenyewe," mama akasema. "Unakatwa tumbo, nami niko hai, na hujui limetupwa wapi."

Akainuka, akanawa mikono kwenye bomba, akarudi kwa wageni. Dua ilisomwa. Maalim alipouliza asomewe kwa maradhi gani, Bi Mwanatumu alijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba asomewe tu. Hakumtazama tena Twaiba mpaka gari lilipoondoka.

Baada ya hapo chakula hakikuja tena Ukunda. Simu ililia Msambweni haikupokewa, au ilipokewa na mtoto wa jirani aliyesema bibi yuko shambani. Twaiba hakuweza kushona. Alikata kitambaa cha harusi cha mteja upande usiofaa, ikabidi amtafutie kingine. Alifika mbali zaidi katika matembezi yake, siku moja akajikuta amekaribia Tiwi jua likiwa limesimama utosini, bila maji, bila kujua alichokifuata. Kheri alimkuta njiani kwa pikipiki. Hakumgombeza. Alimwambia apande, na njiani akamuuliza ni nini hasa kinachomkimbiza. Twaiba akasema angekijua angekisimamisha.

Siku ya miadi yake Mombasa, alipokwisha kupimwa, alimngoja nesi mmoja aliyekuwa chumba cha upasuaji siku ile. Jina lake Caroline, mwenyeji wa bara. Twaiba alimuuliza kilichokatwa hupelekwa wapi. Caroline alidhani ni malalamiko. Alipoelewa, alivuta kiti akaketi. Kilipelekwa kwenye maabara kikaangaliwa, akasema, kisha kikachomwa pamoja na vingine, huo ndio utaratibu. Kungekuwa na mtu aliyeomba, pengine wangekabidhiwa wakazike. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwenye feri Twaiba alisimama safari nzima ingawa viti vilikuwa vitupu. Gari lilipofika Ukunda hakuteremka. Alimpigia Kheri akamwambia anakwenda Msambweni.

Bi Mwanatumu alikuwa uwani, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Twaiba akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba na mkono ukaendelea. Twaiba akaketi juu ya kigoda, akainuka, akaketi tena, akasema alichoambiwa: kimechomwa, na kosa ni lake, kwa kuwa angeuliza wangempa.

Mama alimaliza kifuu, akakiweka chini.

"Ulipoingizwa mle ndani uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Nani alikushika mkono?"

"Kheri alizuiwa mlangoni. Alinishika nesi."

"Hapo palikuwa pangu," mama akasema. "Hata kama ungekufa. Hanifa sikuwa naye, nilikuwa nimetumwa nje kununua dawa. Nilirudi na dawa mkononi. Wewe ukaninyima mara ya pili."

Twaiba alilia, na mama akamwacha alie. Kisha mama akamwambia avute dira juu amwone. Alikuwa anatarajia mshono mrefu, kama ule aliouona alipomwosha Hanifa. Alikuta alama ndogo ndogo zilizotawanyika, nyingine zimeanza kufifia. Aliipitia kila alama kwa kidole chenye harufu ya nazi, akauliza ya kazi gani, na Twaiba akaeleza alivyoelezwa: hapa paliingia taa, hapa paliingia kisu, hapa ndipo kilipotolewa. Kwenye hiyo ya mwisho kidole kilikaa kitambo.

Mchana mama alipika samaki, changu, kwa mchuzi wa nazi mwepesi. Akauliza apakue kiasi gani. Twaiba akachukua kibakuli cha chumvi akamwonyesha. Mama alikitazama, midomo ikamcheza, lakini akapakua humo humo bila kuongeza. Walikula pamoja. Twaiba alitafuna polepole, na mama, aliyezoea kumaliza sahani kabla ya mtu kukaa sawa, naye akapunguza mwendo, akimkagua binti yake koo kila anapomeza. Kipande kimoja kilipokwama kidogo mama akaacha mkono hewani. Kikapita. Akaendelea.

Hawakuwa wamemaliza kunawa Twaiba akainuka. Akasema miguu haimtulii, kila siku ni hivyo, daktari anasema huwapata wengine, hajui kama itaisha. Mama akamuuliza huwa anakwenda wapi. Twaiba akasema popote. Bi Mwanatumu akajifunga leso, akavaa ndara, akamfuata.

Walishika njia ya ufukweni. Mama alikuwa mzito na pumzi zake fupi. Twaiba hakuweza kwenda kwa mwendo ule, alitangulia mpaka kona, akarudi, wakaenda pamoja hatua chache, akatangulia tena. Mama hakulalamika. Aliuliza miadi ya daktari iliyofuata ni lini, akaambiwa, akasema atakuja kulala Ukunda siku moja kabla, na mlango wowote watakaofunga atangoja hapo hapo mbele yake. Twaiba akasema sawa, Mama, kisha akatangulia.

"Kaa pembeni," mama akamwambia kwa nyuma. "Bodaboda hao hawatazami watu."

Twaiba akasogea pembeni, akaendelea mpaka kwenye kona, akageuka kumngoja.