Saini ya Bi Mkubwa

Kilichomkata maini Bi Mkubwa si bei ya intaneti. Kampuni ilikuwa imeipandisha katikati ya mkataba, bila haya wala soni, na mtaa mzima ulikuwa unailaani. Kilichomkata maini ni kwamba mke mwenzake, Bi Mdogo, msusi aliyeolewa juzi tu, ndiye aliyeusoma mkataba mpaka vile viandishi vya chini kabisa, vidogo kama chawa. Akagundua kwamba bei ikipanda kabla muda haujaisha, mteja ana siku thelathini za kujitoa bila faini.

Mume wao, dereva wa lori, akazipata habari akiwa safarini. "Una kichwa wewe!" akamwambia Bi Mdogo kwenye simu. "Nikirudi, karatasi zote za nyumba utazishika wewe."

Loo! Karatasi alizozitunza Bi Mkubwa tangu yeye na mume wanaishi chumba kimoja! Alimwambia mwenzake hongera, huku roho inamsokota.

Barua ya kujitoa ilikuwa tayari. Ilibaki saini ya Bi Mkubwa tu, maana mkataba ulikuwa kwa jina lake.

"Dada, nitilie saini niipeleke."

"Niache kwanza nimalize marinda haya," alijibu, cherehani inanguruma.

Leo marinda, kesho kichwa kinauma, keshokutwa miwani haionekani, na miwani yenyewe iko puani! Siku zikabaki mbili. Hapo Bi Mkubwa akavaa gauni lake la kuendea harusini, akaiacha barua mezani, akaenda ofisi za kampuni peke yake. Atasema kwa kinywa chake kwamba wanajitoa, ijulikane nani mwenye nyumba.

Binti wa dirishani alisimama kumpokea. "Karibu, mama. Miaka sita uko nasi! Wewe ni mteja wetu wa heshima."

Mara ya mwisho mtu kumsimamia ilikuwa lini? Hakukumbuka. Akaletewa soda baridi, akaletewa na mwavuli.

"Usituache, mama. Weka saini hapa, mwavuli uwe wako."

Akaweka, kwa madaha, bila kusoma hata mstari.

Nyumbani, Bi Mdogo aliisoma nakala amesimama. "Dada, hapa umeikubali bei mpya. Na umeongeza miaka miwili."

Papo hapo simu ya Bi Mdogo ikaita. Akaipokea, akaiweka kwenye spika.

"Enhe, tumeshajitoa?" mume aliuliza.

Bi Mkubwa aliukumbatia mwavuli wake. Sasa karatasi zinaondoka, na safari hii kwa haki kabisa. Bi Mdogo aliona anavyoung'ang'ania kama mtoto aliyekosa.

"Kosa ni langu," Bi Mdogo akasema. "Nilimpa dada karatasi ya kusaini, kumbe siyo yenyewe. Tumefungwa miaka miwili."

Mume alifoka mpaka simu ikakwaruza. Kichwa maji! Mjuaji asiyejua kitu! Kisha akasema, "Mpe mkubwa simu."

Bi Mkubwa akaipokea.

"Mke wangu, nisamehe," sauti ilikuwa imelainika. "Karatasi endelea kuzishika wewe. Huyo mtoto hana akili hata chembe."

Ndiyo maneno aliyoyaombea mwezi mzima. Bi Mdogo alikuwa amegeukia ukutani, anajifuta macho kwa kiganja. Bi Mkubwa alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Sawa, baba watoto," akasema.