Kipande cha Muhanga

Gurudumu la mkokoteni lilivunjika saa kumi na moja jioni, maili saba kabla ya Ruiru, na Njambi akajua kwamba kibali chao kingeisha kabla hawajafika. Kiliandikwa mwisho saa kumi na mbili. Alimfungua punda, akamtwika kiondo cha viazi vitamu, akamkaza mwanawe mchanga mgongoni, na safari ikaendelea kwa miguu: yeye, mama mkwe wake Idah, na Waceke, bintiye wa miaka minane.

Philip, mumewe, alikuwa Ruiru nyuma ya seng'enge. Alfajiri angepakiwa kwenye lori kupelekwa kambi ambayo hakuna aliyeitaja jina. Mtoto alizaliwa wiki tatu baada ya baba kukamatwa. Njambi alitaka Philip amshike mara moja, basi.

Giza lilipotanda, Idah alianzisha mchezo wa kila safari yao: anayeona macho ya mnyama kwanza, mnyama ni wake hadi asubuhi.

"Komba! Wangu!" Waceke alionyesha makaa mawili mekundu juu ya mkaratusi.

"Umeniibia. Nimemtazama tangu jana."

"Jana hatukuwa hapa, cucu," Waceke alimjibu bibi yake.

"Ndiyo maana nasema umeniibia."

Walipata nungunungu wawili, kisha fisi ambaye hakuna aliyemtaka, Njambi akamchukua kwa huruma. Idah alisema amepata mume wa pili. Njambi alicheka mpaka mtoto akatikisika mgongoni.

Kwenye kizuizi cha barabara walikuta foleni ndefu, wakangoja zamu yao hadi usiku wa manane. Tangu watu wakatazwe kutoka usiku, usiku ulibaki kwa wanyama, na serikali ikawaandikisha. Wanyama walikuwa bado wanatumia vipande vya zamani, vile vitambulisho vya kopo la kuning'iniza shingoni. Askari mmoja, Nicanor, aliinua taa, akasoma cha komba, akagonga muhuri. Komba akapita. Nungunungu wakapita. Fisi aliulizwa anakoenda, akaonyesha kwa pua, akapita.

"Nyinyi je?" Nicanor alifungua daftari. "Kibali kimepitwa na saa, lakini wanawake nitawafumbia jicho. Mna mwanamume?"

Mtoto alipewa jina la marehemu babu yake, kama ilivyo kwa kila mvulana wa kwanza, na Idah alimwita mumewe; kumwita vinginevyo kungekuwa kumkosea marehemu heshima.

"Mmoja tu," alisema Idah. "Mume wangu. Amelala."

"Jina?"

"Wainaina wa Mburu."

"Umri?"

"Mwaka huu angefika sabini."

Nicanor aliandika yote kwa hati nzuri. Ndipo akainua taa, akamwona mtoto wa miezi minne.

"Nimeshaandika," alisema. "Mwanamume, miaka sabini, hana kipande. Huyu ni wa kuzuiwa."

"Afande, bado ananyonya," Njambi akasema.

"Hata hivyo."

Njambi alihesabu saa zilizobaki hadi alfajiri. Hazikuwa nyingi.

Nyuma yao alisimama muhanga, mchimba mashimo mwenye pua ya nguruwe na masikio ya punda, udongo mbichi ukiwa bado puani.

"Wangu," Waceke alinong'ona.

Muhanga alimtazama, akainamisha shingo, na kopo likateleza hadi mikononi mwa Waceke, naye akamvika mdogo wake. Kisha akageuka, akaanza kuchimba ili apitie chini ya kizuizi.

Nicanor alisoma. "Mwanamume. Kazi, kuchimba. Ruhusa, usiku kucha, wilaya nzima. Alama, masikio marefu." Aliyatazama masikio ya mtoto kwa muda. "Sawa. Piteni."

Walifika kukipambazuka. Philip alikuwa tayari ndani ya lori, na wa mwisho kupakiwa alikuwa muhanga, aliyekamatwa upande wa pili wa kizuizi akitembea bila kipande. Philip alisogea, akampa nafasi.

Lori liliunguruma. Njambi akaenda akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia dereva amkanyage au angoje. Dereva alingoja. Idah alimtoa mtoto mgongoni mwa Njambi, akampitisha kati ya mbao za lori, na Philip akampokea kwa mikono miwili, akamnusa kichwani.

"Baba," alimwambia mwanawe, "umefika."

Alimshika muda wa kutosha mtoto kupiga chafya mara mbili. Kisha akamrudisha, na Njambi akatoka barabarani, akambeba tena. Lori likaondoka, na hakuna aliyeambiwa linakwenda wapi.

Afisa mzungu alikuja na mkalimani wake, saa mkononi.

"Anasema umeichelewesha serikali dakika nne," mkalimani alisema. "Anataka uombe radhi."

"Mwambie siombi."

Mkalimani alisogea karibu, akashusha sauti. "Dada, ni neno moja tu. Liseme uende nyumbani."

Njambi alimkaza mtoto mgongoni.

"Siombi," alisema.