Majaribio Matatu ya Ndunge

Mwaka 1973 kompyuta ya kampuni moja ya bima katikati ya Nairobi ilikuwa na chumba chake, zulia lake na baridi yake ya kutengenezwa, heshima ambayo hakuna karani aliyewahi kuota. Kwa miaka minne Ndunge aliitobolea kadi katika chumba cha pili, kila mstari wa programu ukiwa kadi moja yenye matundu ambayo mashine iliyasoma. Sasa Bwana Nzomo, mkuu wa idara, alimpa nafasi: aandike programu yake mwenyewe, aijaribu mara tatu, mara moja kwa siku. Ikikubali, atahamia kwa waandishi wa programu. Ikikataa, arudi kutoboa.

Jumatatu Mtukufu Mashine alilalamikia kadi mbili. Ndunge alizikagua hadi macho yakamwuma, asione kosa. Lakini nani abishane na kitu kilichotandikiwa zulia? Akaziandika kwa namna nyingine, akatupa za kwanza.

Jumanne zile mbili zilipita. Zikalaumiwa nyingine tatu.

"Bwana Odero, hii mashine yako inanichukia?" alimwuliza mwendeshaji wa kompyuta.

"Haichukii mtu, dada. Hata mimi hunitemea kadi, na ni mimi naipanguza vumbi."

Ndunge akacheka kidogo, akazibadilisha hizo tatu pia. Za kwanza akazitupa.

Jumatano asubuhi Odero alikuta mkunjo kwenye tepu yenye maagizo ya kutafsiri programu ziwe lugha ya mashine. Tangu Jumatatu ilikuwa ikisomwa vibaya, na kadi nzuri zikilaumiwa bure. Akaweka tepu mpya, akapitisha kadi za Ndunge kwa jaribio la tatu. Makosa matano, yote ya kweli: yalikuwa kwenye zile kadi tano alizozibadilisha.

"Zile za kwanza ziko wapi?" Odero aliuliza polepole.

"Nilitupa."

"Taka za jana zimeshachomwa, dada."

Bwana Nzomo alisoma karatasi ya makosa bila hasira, jambo lililoumiza zaidi. "Habari ya tepu nimeipata. Lakini haya matano umeyaandika wewe. Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza nini, bwana? Kama mashine imekosea?"

Akamrudishia karatasi: arudi kutoboa.

Alasiri Ndunge alikalia kiti chake cha zamani. Karatasi ya juu kwenye rundo la programu za kutobolewa ilikuwa ya kijana mgeni wa idara. Mstari wa sita ulikosa nukta; aliuona mara moja. Lakini mtoboaji hutoboa kilichoandikwa. Akautoboa vivyo hivyo, akaendelea na wa saba.