Cache ya Rosalie

Neno lenyewe lilitosha kumtia Rosalie wasiwasi. Cache. Alisoma Kifaransa kwa masista miaka sita, na alijua vizuri kwamba cache ni mahali pa kuficha kitu. Mtu mwenye nia safi anaficha nini? Kwa hiyo fundi Ulrich wa Nyawera, mwenye kibanda chake karibu na soko, alipomwambia kwamba dawa ya simu yake ni kuondoa cache, Rosalie aliibana simu kifuani.

"Maman, mémoire imejaa," Ulrich akasema, mkono ameunyoosha. "Leta nivide cache. Dakika mbili tu."

"Na mu ile cache muko nini?"

"Takataka. Bintu application inajiwekea pembeni ili isisahau."

"Na wewe utabiona?"

"Habionekanake, maman."

"Kama habionekanake, utabifuta aje?"

Ulrich alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa fundi wa miaka kumi na mitano na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Alipoinua kichwa, Rosalie alikuwa amekwisha kupanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi ofisini Nguba, mkoba kaupakata kwa mikono miwili.

Msimcheke sana. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya baba yake, muzee Ezéchiel, dakika nne nzima, na muzee alikuwa amekwisha kuzikwa karibu miezi mitano. Rosalie aliirekodi kwa dictaphone ya simu siku aliyokwenda kumtazama nyumbani kwake Mudaka, tarehe nne ya mwezi wa tatu. Muzee alisema waziwazi, kwa sauti yake ya kukwaruza, kwamba parcelle, kile kipande cha ardhi chenye miparachichi kinachogusa barabara, anampa Rosalie. Hakuandika popote. Kila kitu kilikuwa katika sauti ile, na jumamosi ukoo ulikuwa unakutana Mudaka kugawanya vitu. Leo ilikuwa ijumaa, na dictaphone ilikuwa ikifunguka, inatetemeka kidogo, halafu inajifunga yenyewe.

Rosalie alikuwa ameisikiliza sauti ile mara nyingi mpaka akajua muzee anakohoa wapi na jogoo anawika wapi. Kila mara aliizima dakika ya tatu inapoisha. Dakika ya nne haikuhusu parcelle, na yeye hakuwa na mazoea ya kufika huko.

Mtu wa kumwogopa alikuwa mmoja, naye ni mdogo wake, Chrispin. Huyu Chrispin alikuwa akitunza mashine za kompyuta za université moja mjini, na kwa mambo ya simu hakuna aliyemshinda katika ukoo. Alikuwa hasemi na muzee tangu miaka miwili, tangu alipotoka seminari bado mwaka mmoja tu aweze kupewa upadre. Muzee alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu Mudaka kwamba atakuwa na mtoto padre. Aibu ile ilimkaa kooni. Basi hata salamu zikakatika.

Wiki moja baada ya mazishi, Chrispin, aliyekuwa amesikia habari za sauti ile, alimwambia dada yake, ambaye alimwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wake: "Yaya, nitumie ile voix ya muzee. Mi nitaitunza pahali pazuri."

Pahali pazuri! Rosalie alijibu "nitaona," na kweli akaona: akaona namna Chrispin angeipokea, akaikata hapa, akaiunga pale, akaja mbele ya ukoo na sauti ya muzee inayosema mengine. Hakumtumia. Hakumtumia mtu yeyote, maana ukimtumia mmoja umetumia wote. Halafu mwezi uliofuata jirani wa Mudaka akamletea habari kwamba Chrispin ameonekana kwenye parcelle na mètre mkononi, anapima. Kuanzia siku hiyo Rosalie alilala na simu chini ya mto.

Sasa mtu atauliza: basi kwa nini ijumaa ile, saa sita na nusu mchana, ofisini kwake Nguba ambako alikuwa sekretari wa shirika moja, alimpigia Chrispin huyohuyo? Alikuwa na hesabu yake. Ulrich angeishika simu kwa mkono. Chrispin angetoa maneno tu, kutoka mbali, na maneno hayana vidole. Aliazima simu ya Tatiana, mwenzake wa meza ya pili, ili yake ibaki mkononi, akasimama dirishani.

"Chrispin, application inajifunga yenyewe. Inasema mémoire imejaa."

"Application gani, Yaya?"

Rosalie akasita. "Moja tu. We sema tunafanya aje."

"Sawa. Ingia mu paramètres. Umeingia? Ingia ku applications. Chagua ile inakusumbua. Alafu gusa stockage."

Mpaka hapo, penye nafasi ya kuhifadhi vitu, mambo yalikwenda. Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yake saa hizo, na jenereta ya uani ikaamka kwa kelele. Mtandao nao ukaanza kumeza maneno. Rosalie alikandamiza simu ya Tatiana sikioni.

"...futa données," akasikia. Data zifutwe.

"Données?"

"Eee, données! Umeona?"

"Nimeona."

"Bon. ...yake ...gusa pale."

Rosalie akagusa. Simu ikaleta maandishi mekundu na swali: una uhakika?

"Inaniuliza kama niko sûre."

"Weka OK, Yaya. Usiogope, haitapoteza kitu."

Akaweka OK. Simu ya Tatiana ikakata yenyewe. Rosalie akamrudishia, akakaa, akafungua dictaphone. Ilifunguka mara moja, nyepesi, haikutetemeka hata kidogo. Katikati ya kioo kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa: Aucun enregistrement. Hakuna kilichorekodiwa.

Alishuka, akapanda, akafunga, akafungua. Akazima simu nzima, akaiwasha. Maneno yalikuwa yaleyale. Rosalie hakulia. Alishikwa na hasira, na hasira, niseme ukweli, ikawa na utamu fulani ndani yake, utamu wa mtu aliyesema tangu zamani na sasa anaonekana alikuwa na haki. Futa données. Amemwambia afute, na amemhimiza. Usiogope, haitapoteza kitu!

"Rosalie," Tatiana akamwita kutoka mezani kwake, "kaka yako ametuma message apa."

"Futa," akasema Rosalie bila kugeuka.

"Bila kusoma?"

"Nimesema futa."

Tatiana akafuta.

Jumamosi alifika Mudaka mapema, amevaa kitenge cha msiba. Kaburi la muzee lilikuwa chini ya miparachichi, na lilikuwa limepigwa saruji mpya, laini, pembe zake zimenyooka. Aliuliza nani amefanya kazi ile. Chrispin, akaambiwa, kwa mikono yake. Aha, Rosalie akawaza, anaweka alama. Mtu akijenga kwenye parcelle, nani atamtoa? Akaingia ndani na midomo imebana.

Watu wa ukoo walikaa sebuleni, papa mudogo Théodore kwenye kiti cha marehemu. Chrispin alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini. Théodore aligawa ng'ombe, akagawa vitanda na redio, kisha akafika penye parcelle.

"Rosalie anasema muzee aliacha neno. Mama, tusikilize."

Rosalie akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha na yakatoka bila kukwaa.

"Neno lilikuwa apa mu téléphone. Jana limefutwa. Na aliyenifutisha iko pale ku mulango, na kofia yake. Nilimuomba anisaidie ku application, akaniambia futa données. Nilisikia na masikio yangu: futa données. Nikamuambia inaniuliza, akasema weka OK. Muulizeni kama nadanganya!"

Nyumba ikavuma. Chrispin aliinua uso. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Ilikuwa dictaphone?" akauliza polepole. "Yaya, ile application ilikuwa dictaphone? Ya muzee?"

"Usijifanye."

"Nilikuuliza application gani."

"Na mi nilikujua!"

Chrispin alitoa simu yake mfukoni, akatafuta kitu, akasimama na kumpelekea Théodore. "Papa mudogo, soma. Nilimutumia ku ile numéro alinipigia nayo, sababu réseau ilikuwa inakata."

Théodore aliisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma barua kanisani:

"Yaya, haujanisikia muzuri. Nimesema TAFUTA données. Ukisha ziona, chini yake kuko cache. Vide cache TU. Données usiguse, zitaenda zote. Kama umegusa, usifanye tena kitu, niletee téléphone leo leo, pengine nitaokoa." Akainua kichwa. "Jana, saa sita na dakika makumi ine na saba."

Tafuta. Silabi moja, na jenereta ndiyo iliyoila. Rosalie alisimama palepale, kitenge kimemlemea ghafla. Aliisikia tena sauti ya Tatiana, bila kusoma? na sauti yake mwenyewe ikijibu. Tangu saa ile alikuwa ameizima simu, ameiwasha, ameihangaisha usiku mzima.

"Sasa inaweza kuokoka?" Théodore akauliza.

"Sijue, papa mudogo. Jana pengine. Leo siamini."

Watu wote wakamgeukia Rosalie. Rosalie alingoja apigwe, alijua amestahili. Sauti haiko, karatasi haiko, na aliyetukanwa ndiye mwanamume wa nyumba. Mgawo ungekuwa mwepesi sana.

"Kwa parcelle," Chrispin akasema, akirudi kwenye benchi, "mi sioni shida. Kama Yaya anasema muzee alimupatia, alimupatia. Yaya iko na byake, lakini hasemake uongo. Andika jina lake."

Théodore akaandika. Kazi ya miezi mitano ya wasiwasi ikaisha kwa mstari mmoja wa kalamu, na Rosalie hakuona furaha yoyote.

Alimfuata Chrispin nje. Alimkuta kaburini, anabonyeza saruji kwa kidole gumba aone kama imeshika. Chini ya shati mfuko ulivimba. Ncha ya mètre ilichungulia, ileile. Rosalie aliitazama na uso ukamwaka kwa haya.

"Ulikuja kupima kaburi," akasema.

"Nilipima kaburi."

"Na ile voix uliiombea nini, Chrispin?"

Chrispin aliendelea kubonyeza. "Sina hata moja. Wewe uko na mazungumuzo yake, uko na macho yake ya mwisho. Mi niko na ile siku alinifukuza tu, na ndiyo ile inanijia kila siku. Nikasema kama naweza kumusikia anaongea byake, anaongea hata parcelle, hata ng'ombe." Akapangusa kidole kwenye suruali. "Yaya, mu zile dakika zote, hakunitaja?"

Hapo ndipo penyewe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua dakika ya nne. Simu ilikuwa tupu, na "hapana" moja ingetosha, tena ingekuwa ya huruma. Chrispin alikuwa amesema kweli, Rosalie hakuwa msema uongo. Alijua kunyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa na miezi mitano.

"Alikutaja," akasema.

Chrispin akageuka mzima.

"Alisema: Rosalie, muambie Chrispin apite apa. Akakohoa. Akasema: nimesha choka kukasirika. Apite tu, hata asiponiambia kitu. Tutakunywa kasiksi yetu ya ndizi, basi." Rosalie akashika pembe ya kaburi. "Nilisema eee, papa, nitamuambia."

"Na haukuniambia."

"Niliogopa utamugeuza. Kwa parcelle."

Alingoja kelele. Chrispin aliangalia mbali, kuelekea barabarani.

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Ine. Mwezi wa tatu."

Muzee alifariki tarehe ishirini na mbili. Chrispin alihesabu kwa vidole, mtu mzima mwenye kutunza mashine za université, akihesabu kwa vidole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Dix-huit jours," akasema. Siku kumi na nane. "Na kutoka kwangu mupaka apa ni nusu saa na moto. Rudia, Yaya."

Rosalie akarudia, tangu jina lake mpaka kasiksi. Alirudia na kikohozi. Alijaribu hata kukwaruza sauti pale muzee alipokwaruza, akashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikomliza.

Chrispin akanyoosha mkono. Rosalie akampa simu, mara ya kwanza bila kuibana. Aliifungua dictaphone, akatazama maneno mawili yaliyokuwa katikati ya kioo, akaifunga. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati lake, taratibu, akamrudishia.

"Sasa iko légère, nyepesi, Yaya," akasema. "Haitakusumbua tena."

Akavaa kofia, akashuka kuelekea barabarani kutafuta moto.